Dubu wa Halbruk na Ng'ombe wa Mama Kornelia

Biashara yote ilianza kwa kosa la king'amuzi.

Jumamosi moja saa nane mchana, katika kibanda umiza cha Dongobesh, wanaume thelathini walikuwa wamelipa mia tano mia tano kuangalia mpira wa Uingereza. Mwenye kibanda akabonyeza namba, akakosea. Kwenye kioo wakatokea watu wamevaa viatu vyenye visu chini, wanateleza juu ya barafu, wameshika magongo, wanakimbizana na kitu cheusi kama kipande cha soli ya kandambili. Watu wakaanza kudai mpira wao. Mara mchezaji mmoja akamgonga mwenzake ubavuni. Mwenzake akavua glavu, wakashikana mashati, wakaanza kutwangana ngumi za kweli. Mwamuzi akasimama pembeni anawatazama tu, kama mtu anayesubiri chai ichemke.

Mwenye kibanda akanyoosha mkono abadilishe namba.

"Acha hapo hapo!" mzee mmoja akasema. "Huyo wa nyekundu anaijua fimbo."

Watu waliokulia machungani huwezi kuwaonyesha mwanaume mwenye fimbo halafu uwaambie wageuze macho. Mpira wa Uingereza ulianza na kuisha bila mtu kuuliza nani kafunga.

Kwenye benchi la nyuma alikuwa amekaa Reginald, na yeye peke yake hakuangalia kioo. Aliangalia shingo za watu. Shingo thelathini zimenyooka mbele kama za bata kwenye mtaro. Kwa kazi yake, shingo iliyonyooka ni nusu ya malipo.

Kazi yake ilikuwa ipi? Hilo hata mama yake mzazi alishindwa kulijibu kanisani. Alikuwa amevuka miaka thelathini na nane, ana koti la suti lenye kalamu tatu mfukoni, na moja ilikuwa inaandika. Alishauza dawa ya kufukuza fuko kwa wimbo. Alishauza nafasi katika chuo ambacho hakikuwa na ukuta. Lakini mwizi hakuwa, na ukimwita hivyo angekasirika kweli. Mwizi anachukua. Reginald alikuwa anapewa.

Na wakati huo alikuwa na haja moja tu duniani. Babati mjini, nyuma ya gereji, kulikuwa na Noah nyeupe inauzwa milioni tisa. Mwenye gari alimwambia, "Nakushikia mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kuna mchungaji anaitaka." Reginald aliona maisha yake yote yamekuwa ya kukimbia mji huu kwenda mji ule, usiku mwingine bila viatu. Mwenye Noah hakimbii. Anaondoka.

Akajifungia gesti wiki mbili na simu yake, anasoma habari za mchezo ule. Akajifunza kwamba huko Kanada ndio dini yao ya pili. Akajifunza jinsi timu zinavyopata pesa na zinavyozipoteza, nani analipa na nani anakula. Kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kushangaa. Yeye alijiona mjanja, kumbe duniani kuna wenye suti nzuri zaidi wanaofanya kazi karibu na ile ile, na mji mzima unawapigia makofi.

Uongo mzuri, Reginald alikuwa akisema, ni kama ugali: maji mengi ya kweli, unga kidogo wa kwako. Akachukua kweli yote aliyoisoma, akaongeza timu moja tu ambayo haipo: Dubu wa Halbruk. Akachapisha hati za hisa zenye picha ya dubu kwenye karatasi ngumu kwa mtu wa stationeri, akapanda bodaboda hadi Maretadu.

*

Kule Maretadu mwenye pesa ni Mzee Agustino, mwenye mashine ya kusaga. Mashine ile hakuwahi kuizima mchana, hata siku ya msiba wa shemeji yake. Padri alisoma sala kwa kupiga kelele. Siku Reginald alipofika, Agustino aliizima. Watu walipoona kimya, wakajua jambo ni kubwa, wakajaa uani wamekalia magunia yao ya mahindi.

Reginald aliwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo kumi na saba, hakuruka hata moja. Kisha akafungua simu, akawaonyesha zile ngumi za barafuni. Alipoona shingo zimenyooka, akafunga simu.

"Wazee wangu na mama zangu. Hii timu inauzwa."

"Yote?" Agustino akauliza.

"Vipande vipande. Kila kipande hisa. Mji wa Halbruk ni mdogo, mzee, ni kama Maretadu yenye baridi. Wanaipenda timu yao kufa. Lakini mji mdogo una shida tatu. Ya kwanza, wachezaji wanalipwa kwa dola ya Marekani, na mashabiki wananunua tiketi kwa dola ya Kanada. Ya Kanada ni nyepesi."

"Hiyo naijua," akasema Bura, mkulima wa kitunguu swaumu, kwa sauti ya mtu aliyeguswa kidonda. "Mbolea nanunua kwa bei ya Arusha, swaumu nauza kwa bei ya hapa, tena kwa lumbesa, gunia lenye kilima juu."

"Umesoma uchumi wapi, kaka?"

"Shambani."

Watu wakacheka. Reginald akaendelea. "Ya pili, televisheni. Televisheni inanunua macho. Mji wenye watu milioni tano una macho milioni kumi. Halbruk ina macho machache, basi inalipwa kidogo. Ya tatu ni uwanja. Mwenye timu amesema uwanja umechakaa, paa dogo, viti havina mito. Kuna mji mwingine huko Marekani, jangwani kabisa, umemwambia: njoo, tutakujengea mpya. Basi akawaita watu wa Halbruk akawaambia: mimi sina shida na nyinyi, nawapenda sana, lakini nami nina majukumu yangu."

"Barafu jangwani?" akauliza Violeth, muuza vitenge na mwenyekiti wa kikoba. "Inakaa?"

"Mama, pesa ikiwepo hata barafu inavumilia."

Hapo kikongwe mmoja aliyekaa juu ya debe lake la mahindi akanyoosha mkono. Alikuwa Mama Kornelia wa Tumati, mjane wa miaka sabini na mmoja, aliyekuja kusalimia ndugu na kusagisha mahindi kwa bei ya ndugu.

"Mwanangu, ngoja nielewe. Timu ni ya nani?"

"Ya tajiri mmoja, mama."

"Inakaa wapi?"

"Halbruk."

"Zizi lake nani alijenga?"

"Uwanja? Mji ulijenga. Kwa kodi ya watu."

"Majani nani analeta?"

"Mashabiki, mama. Tiketi, jezi, soda."

"Na ndama akizaliwa? Timu ikiuzwa kwa faida?"

"Faida ni ya mwenye timu."

Mama Kornelia akawageukia wenzake. "Basi sijui mnashangaa nini. Huyu ni ng'ombe wa kuwekwa."

Ua mzima ukasema "Aaah!" kama watu waliowashiwa taa. Kwa faida ya wasiokulia huko: mtu mwenye ng'ombe kumi hakai na ng'ombe kumi. Anawaweka kwa watu, mmoja huku, mwingine ng'ambo ya bonde, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimfilisi. Anayemtunza anapata maziwa na samadi. Ndama ni wa mwenyewe. Na tena kuna adabu yake: huulizi mbele za watu ng'ombe gani zizini ni wa nani. Ukiuliza hivyo ni kama kumuuliza mtu hadharani nguo ya ndani ameazima wapi.

"Ila huyo tajiri wenu ni mbaya kuliko sisi," Mama Kornelia akasema. "Sisi anayetunza tunamwachia maziwa. Huyo anaweka ng'ombe kwa watu, halafu anakuja kukamua mwenyewe."

"Na ng'ombe akiondoka," Bura akauliza, "deni la zizi linabaki kwa nani?"

"Kwa mji," akasema Reginald, ambaye hakuzoea kuulizwa maswali mazuri namna ile.

"Sasa hao Halbruk wakafanyaje? Walimwachia aende?"

Reginald aliona mlango unafungwa, akauwekea mguu. "Ndiyo maana tupo hapa, kaka! Uamuzi bado. Lakini sikilizeni ajabu ya biashara hii, nawaomba. Timu inapata hasara kila mwaka. Na kila mwaka bei yake inapanda."

Agustino akasogea mbele.

"Rudia," akasema Agustino.

"Inapata hasara, inapanda bei. Kwa sababu timu ni chache na matajiri ni wengi. Aliyenunua kwa kumi, anauza kwa mia."

"Kama kiwanja cha Babati," Agustino akasema polepole. "Hakioti hata bamia, lakini kila mwaka ni ghali." Macho yake yakawa na unyevu wa mtu aliyeona mbingu. "Hisa moja bei gani?"

"Milioni moja. Nami ninazo tisa tu za kanda hii."

Watu wakaangalia chini. Swaumu ilikuwa bado ardhini. Mfukoni kulikuwa na sarafu na funguo. Reginald alilijua hilo kabla hajapanda bodaboda.

"Au," akasema kwa upole wa daktari, "ng'ombe mmoja mzima. Kampuni inapokea mifugo."

Mama Kornelia akainuka, akajipangusa unga. "Mimi sinunui. Ng'ombe wangu wako kwenye mazizi ya watu wema, na hata mimi sijawahi kuwaona wote mahali pamoja. Agustino, washa mashine. Debe langu la mahindi linanisubiri, na Tumati ni mbali."

*

Wa kwanza kuja faraghani alikuwa Agustino mwenyewe. Aliomba cheo. Reginald akampa palepale: Mwenyekiti wa Bodi, Kanda ya Kaskazini. Agustino akalirudia jina hilo mara tatu akiwa peke yake, kisha akaingia zizini kuchagua ng'ombe.

Akamwangalia wa kwanza, moyo ukamuuma: huyu ana mimba. Wa pili: huyu nilipewa na baba mkwe. Wa tatu alikuwa mweupe, kichwa cheusi mpaka shingoni kama mtawa, ndiyo maana aliitwa Sista. Moyo haukumuuma hata kidogo, kwa sababu Sista hakuwa wake. Alikuwa wa Mama Kornelia, amewekwa pale mwaka wa nne.

"Bibi anakuja mara mbili kwa mwaka," Agustino akajiambia. "Na juzi kaja, hakuingia hata zizini, kaondoka na unga. Gawio likitoka namnunulia Sista mwingine, hata mnene zaidi. Wala si wizi. Ni kuazima bila kusumbua mwenyewe."

Dhambi ikipata maneno mazuri hivyo, shetani anaweza kwenda likizo.

Jioni ile ile Violeth alifika na ng'ombe mwekundu. Asubuhi Bura akaja na kijivu, huku anaangalia nyuma kama mtu aliyeiba sadaka. Ndani ya siku tano walifika watu tisa na ng'ombe tisa, kila mmoja kwa njia yake ya kichakani, na kila mmoja kwa hesabu ile ile: kwa nini nitoe wangu, wakati zizini nina wa bibi wa Tumati ambaye haonekani? Mama Kornelia alikuwa mwangalifu maisha yake yote. Alitawanya mali yake kwa watu tisa ili balaa moja lisiimalize. Hakufikiria balaa lenye koti na kalamu tatu linaloweza kupita mazizi yote tisa kwa wiki moja.

Kwa kuwa ni utovu wa adabu kuuliza ng'ombe wa mtu katoka wapi, hakuna aliyemuuliza mwenzake. Reginald naye hakuuliza, kwa sababu katika kazi yake ni marufuku kujua.

Ikabaki kibali. Ng'ombe haendi mnadani bila karatasi, na karatasi ilikuwa kwa afisa mifugo wa kata, dada mmoja kutoka Mbeya anayeitwa Kissa. Akawazunguka wale ng'ombe tisa, anaangalia masikio.

"Umewanunua wapi, kaka?"

"Huku na huku, afisa. Kwa watu tisa."

"Watu tisa. Na wote sikio la kushoto limepasuliwa kama mkia wa mbayuwayu."

Reginald akaangalia. Ni kweli. Hakuwa ameona, yeye ng'ombe alikuwa akiwaona kama matairi ya Noah. "Ndiyo alama ya kampuni," akasema bila kupepesa.

"Mpaka kovu lake lina miaka sita?"

"Kampuni ni ya zamani, dada."

Kissa akacheka kidogo, akamwandikia kibali: ng'ombe tisa, mnada wa Katesh, siku fulani, gari Fuso namba fulani. Alipoondoka, msaidizi wa ofisi akamuuliza kwa nini ampe karatasi mtu wa namna ile.

"Nikimnyima anapita nao porini, hatuwaoni tena," Kissa akasema. "Nimempa, sasa najua anakwenda wapi na saa ngapi." Akachukua simu, akampigia mwenzake wa Tumati. "Hivi mwenye sikio la mbayuwayu ni nani huko?"

*

Mnada wa Katesh siku hiyo ulikuwa umechangamka, mlima Hanang umejifunga wingu kiunoni, nyama choma inaita kila kona. Saa nne asubuhi dalali mmoja aliwaangalia ng'ombe wa Reginald akasema, "Wote, milioni nane na laki tisa na nusu. Taslimu."

Angechukua, hadithi ingekuwa imeishia hapo. Lakini Noah ilikuwa milioni tisa kamili, na Reginald alikuwa ameapa kutoongeza hata senti ya mfukoni kwake.

"Tisa," akasema.

"Nane tisa na nusu."

"Bwana, hawa ni ng'ombe wa kimataifa."

"Wanakula majani ya Maretadu. Nane tisa na nusu."

Kwa ajili ya elfu hamsini walibishana saa nzima. Na elfu hamsini ndiyo nauli ya bodaboda kutoka Tumati hadi Katesh kwa bibi asiyependa kupatana bei.

Pikipiki ikasimama. Mama Kornelia akashuka, fimbo mkononi, vumbi mpaka kwenye kope. Hakumwangalia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa ng'ombe akawaita kwa majina: "Sista! Jumatatu! Mkopo! We Mvivu, we!" Tisa wote wakageuza vichwa. Sista akalia, akamsogelea, akamlamba mkono.

Dalali alikuwa mtu mwenye uzoefu. Akarudisha pesa zake kifuani, akakumbuka ana mtu wa kuonana naye kwingine.

"Shikamoo, mama," akasema Reginald. Miguu ilishaanza kutafuta njia, lakini nyuma kulikuwa na uzio, kushoto fahali, na kulia wanaume kadhaa wenye fimbo ambao walikuwa wameanza kupendezwa na maongezi.

"Marahaba, mwanangu." Mama Kornelia alikuwa na machozi. "Miaka sabini na mmoja nimeishi. Sijawahi kuwaona hawa watoto wangu wote mahali pamoja. Wewe ndiye umenikusanyia. Mungu akubariki."

Reginald alishatukanwa kwa lugha sita za nchi hii, akazoea. Kubarikiwa hakukuzoea. Akapapasa mfuko wa koti kutafuta karatasi.

"Mama, mimi... nilipewa. Kwa hiari. Nina hati."

"Najua. Toa karatasi ulizobakiza nazo nizione." Akaangalia picha ya dubu. "Mnyama gani huyu? Mbona kama fisi aliyeshiba? Haya. Wale tisa walilipa kwa ng'ombe wa nani?"

"Naona... wa kwako, mama."

"Basi hisa zote tisa ni za nani?"

"Za... kwako, mama."

"Vizuri. Kwa hiyo nina timu, na nina ng'ombe. Timu hatujui iko wapi, lakini ng'ombe hawa hapa. Kosa langu ni moja: niliwaweka kwa watu waadilifu ambao hawajawahi kujaribiwa. Sasa nataka mtu ambaye kila mtu anajua ni mwizi. Huyo jicho la kijiji halimtoki." Akanyoosha fimbo. "Kile pale chenye bati la bluu ni kituo cha polisi. Fuso lako lile pale. Wewe mwenyewe ulisema mwenye timu anahitaji mji. Mimi nimeshapata mji wangu."

"Mji gani, mama?"

"Wewe."

Wanaume wenye fimbo wakacheka mpaka wakashikiliana. Reginald aliliangalia bati la bluu, kisha Fuso, kisha Sista, ambaye alikuwa akitafuna mfuko wa koti lake pamoja na kalamu inayoandika.

"Maziwa ni ya nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mimi si tajiri wa Halbruk," akasema Mama Kornelia. "Maziwa ni yako."

*

Kikao cha wazee kilikaa Maretadu, kifupi kuliko vyote vilivyowahi kukaa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na la kusema. Wale tisa walikaa mstari mmoja, na hapo ndipo kila mmoja alipogundua kwamba mwenzake naye alifanya vile vile. Walitazamana kwa hasira kubwa, kila mmoja akimwona mwenzake hana haya.

"Na wewe, Violeth? Mwenyekiti wa kikoba?" akasema Agustino.

"Na wewe, Mwenyekiti wa Bodi?" akajibu Violeth. "Kanda ya Kaskazini!"

Faini ilikuwa mtamba mmoja kila mtu, na safari hii kutoka kwa ng'ombe wake mwenyewe. Agustino akaongezewa: kiwanja nyuma ya mashine kijengwe zizi. Ng'ombe tisa wakawa kumi na nane. Kitambulisho cha taifa cha Reginald kikaingia kwenye kopo la chumvi la Mama Kornelia, na watu tisa waliopigwa faini wakamlinda Reginald usiku na mchana kuliko walivyowahi kulinda chochote, maana bibi alisema ng'ombe mmoja akipotea, wanalipa wote.

Mwezi wa kwanza Reginald alikuwa akipigwa mateke. Wa pili akajifunza kukamua. Wa tatu, lita ishirini na tano kila asubuhi zilikuwa zinakwenda kwa walimu, kwa wauguzi, kwa mama ntilie wa sokoni, na jioni mgando. Aliuza samadi kwa Bura, ambaye alilipa kwanza kisha ndiyo akapakia, kwa adabu mpya. Siku moja Noah nyeupe ilisimama mbele ya zizi, mchungaji akashusha kioo akaomba lita mbili. Reginald akampimia. Alipoangalia tena, Noah imeshaondoka, naye alikuwa anawaza kama yule ng'ombe Jumatatu atazaa dume au jike. Jambo hilo lilimtisha kidogo.

Watu wakaanza kumwita Baba Sista. Hakukataa. Akapanga chumba, akanunua makopo ya bati ya maziwa, kwa pesa ambayo kwa mara ya kwanza hakuna mtu alikuwa anaitafuta.

Kiangazi kilipokaribia, Mama Kornelia akaja kukagua. Alizunguka zizi mara mbili. Akagonga nguzo kwa fimbo. Akaangalia paa la nyasi, akaguna.

"Pamechakaa," akasema.

"Mama, tumejenga mwaka huu huu."

"Padogo. Ng'ombe kumi na nane, na wanne wana mimba. Hapana kivuli cha kutosha, birika la kunyweshea ni gogo." Akakaa, akapokea maziwa, akanywa polepole. "Kuna watu wa Masieda walikuja nyumbani. Wamesema wana zizi la bati, birika la saruji. Wameniomba sana."

Reginald akasimamisha kukamua. Akaona lita ishirini na tano zinapanda Fuso. Akaona walimu wanakunywa chai ya rangi. Akamwona Sista mgongoni mwa gari, kichwa cheusi kinapungua barabarani.

"Mama, si utaniambia kitu kama..."

"Mimi sina shida na Maretadu," akasema Mama Kornelia, akipangusa mdomo. "Nawapenda sana. Lakini nami nina majukumu yangu."

Maneno yale Reginald aliyafahamu. Aliyafahamu mpaka pumzi zake. Akafungua mdomo kusema kwamba hiyo ni mbinu, kwamba Masieda huenda hakuna hata bati moja, kwamba ni yeye aliyemfundisha, akaufunga. Hata kama ni uongo, ungekuwa wa ugali mzuri, maji mengi unga kidogo, na yeye hakuthubutu kuujaribu. Sista alikuwa amemwekea kidevu begani.

Jumatatu iliyofuata, Bura alipita nyuma ya mashine na gunia la swaumu kichwani, akakuta mabati mapya yanang'aa mpaka macho yanauma. Agustino alikuwa chini anashika ngazi, ametoa nusu ya pesa ya bati huku analia. Juu ya paa alikuwa Reginald, shati limelowa, koti limevalishwa nguzo, misumari imejaa mdomoni.

Bura akatua gunia. "Baba Sista, kuna swali langu hukulijibu siku ile. Wale watu wa Halbruk, tajiri alipowatishia kuhama. Mwisho wake walifanyaje?"

Reginald akatema misumari kiganjani.

"Walijenga," akasema. "Nipe nyundo."